Kalenda Isiyo na Miezi Sawa: Kusoma Umri wa Dunia Kutoka Masasi Hadi Mikindani

Anayesafiri kwa barabara kutoka Songea kwenda Mtwara siku hizi hupishana na malori yaliyofunikwa turubai, yakipeleka makaa ya mawe bandarini. Penye kona kali au tuta, vipande vidogo huanguka na kubaki kando ya lami, vyeusi, vyepesi kuliko jiwe la kawaida la ukubwa huo, vikimeremeta upande mmoja na kuacha weusi kwenye vidole vya anayeviokota. Msafiri huyo akifika Masasi huona milima ya mawe matupu iliyosimama peke yake juu ya tambarare. Akipita Ndanda huona ukuta wa nyanda za juu za Makonde. Na akifika Mikindani huona nyumba za kale zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe. Vitu hivi vinne, makaa, mlima, uwanda na ukuta wa nyumba, vimetenganishwa na mamia ya mamilioni ya miaka, ingawa vyote huonekana ndani ya safari ya siku moja. Kujua kipi kilimtangulia mwenzake ndiyo kazi ya kalenda ya jiolojia, na kalenda hiyo humchanganya karibu kila anayekutana nayo mara ya kwanza, kwa sababu haikugawanywa kwa namna ambayo sisi tumezoea kalenda igawanywe.

Tuanze na majina ya vipimo. Historia ya dunia imegawanywa katika mafungu makubwa manne, ambayo wanajiolojia huyaita eoni na ambayo Kiswahili kinaweza kuyapokea kwa neno letu la zamani, dahari. Dahari hizo ni Hadea, Akea, Proterozoiki na Fanerozoiki. Dahari hugawanywa katika zama, zama katika vipindi, na vipindi katika enzi. Hadi hapo mpango unaeleweka, kama vile mwaka unavyogawika katika miezi na miezi katika siku. Tatizo huanza mtu anapozitazama tarakimu. Dahari ya Proterozoiki ilidumu karibu miaka bilioni 2, ilhali Fanerozoiki, iliyo katika ngazi ile ile, haijafikisha hata miaka milioni 540. Kipindi cha Kretasia kilidumu takriban miaka milioni 79, Siluri takriban milioni 24, na Kwaternari, ambacho ndicho tunachoishi, kina miaka milioni 2.58 tu. Enzi ya Holosini, iliyomo ndani yake, ina miaka 11,700. Hakuna mwezi ulio sawa na mwenzake, na anayejaribu kutafuta kanuni ya hesabu iliyozaa urefu huo atachoka bure, kwa kuwa kanuni hiyo haipo.

Haipo kwa sababu mipaka ilichorwa kwanza, na miaka ikaja kuandikwa baadaye. Mwaka 1669 Nicolas Steno, mwanazuoni wa Denmaki aliyekuwa akifanya kazi Italia, aliandika jambo ambalo mchimba kisima yeyote angelikubali: matabaka yanapotandikwa moja juu ya jingine, lililo chini ndilo lililotangulia. Zaidi ya karne moja baadaye, mpima ardhi wa Kiingereza aliyeitwa William Smith, ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia uchimbaji wa mifereji, alitambua kwamba kila tabaka lina kombe na konokono wake waliogeuka mawe, na kwamba mfuatano wa visukuku hivyo haubadiliki hata mtu akihama kutoka wilaya moja hadi nyingine. Kwa kutumia visukuku aliweza kusema kwamba mwamba wa hapa na mwamba wa kule ni wa wakati mmoja, bila kujua ni wakati gani. Ramani yake ya Uingereza ilichapishwa mwaka 1815. Katika miongo iliyofuata vipindi karibu vyote vikapewa majina, na majina hayo yakatoka pale wataalamu walipokuwa wakitembea: Kambri ni jina la Kilatini la Wales, Devoni ni jimbo la Devon, Permi ni mji wa Perm nchini Urusi, Jurasi ni milima ya Jura iliyoko mpakani mwa Ufaransa na Uswisi. Kretasia imetokana na neno la Kilatini la chaki. Lau kazi hiyo ingeanzia Lindi badala ya Ulaya, huenda leo wanafunzi wa Japani wangekuwa wakikariri kipindi kiitwacho Tendaguru, kwa jina la kilima cha huko.

Mwaka 1841 mwanajiolojia wa Kiingereza, John Phillips, alipendekeza vipindi hivyo viwekwe katika zama tatu kwa kufuata sura ya uhai uliomo: Paleozoiki, yaani uhai wa kale, Mesozoiki, uhai wa kati, na Senozoiki, uhai mpya. Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Mpaka kati ya zama na zama haukuwekwa kwa sababu miaka fulani ilikuwa imetimia; uliwekwa kwa sababu viumbe waliojaa katika tabaka la chini hawakuonekana tena katika tabaka la juu. Kalenda hii inafanana na namna wazee wetu walivyohesabu, kwa mwaka wa njaa au mwaka wa vita, ambapo kati ya tukio na tukio panaweza kupita miaka miwili au ishirini, na hakuna anayeona ajabu.

Miaka yenyewe ilingoja fizikia. Baada ya Henri Becquerel kugundua mwaka 1896 kwamba urani hutoa mionzi yenyewe, ilibainika kuwa madini hayo hugeuka polepole kuwa risasi, ile metali laini na nzito, kwa mwendo usiobadilika: aina ya urani iliyo nyingi zaidi hupungua kwa nusu kila baada ya miaka bilioni 4.47. Fuwele ya zirkoni, punje ndogo ambayo mara nyingi haizidi chembe ya mchanga, huiruhusu urani kuingia inapojengeka katika mwamba wa moto, lakini huikataa risasi. Kwa hiyo risasi inayokutwa humo leo ilizaliwa ndani yake, na uwiano wa vitu hivyo viwili ndio unaotoa umri wake. Mmoja wa watu wa kwanza kuipa kalenda ya miamba tarakimu kwa njia hii alikuwa kijana Mwingereza, Arthur Holmes, aliyechapisha hesabu zake mwaka 1911 akiwa na umri wa miaka 21. Mwaka huo huo alikwenda kutafuta madini kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma kutoka kwetu. Hakupata madini ya maana, akapata malaria. Hata hivyo miamba aliyoiona huko hakuisahau, na mwaka 1951 ndiye aliyeupa jina la Ukanda wa Msumbiji mshipi mrefu wa miamba ya kale unaopita mashariki mwa Afrika. Milima ya Masasi imo ndani ya mshipi huo. Umri wa dunia yenyewe, takriban miaka bilioni 4.55, ulipimwa na mwanakemia wa Marekani, Clair Patterson, na kuchapishwa mwaka 1956, naye aliupata kwa kupima kimondo, kwa sababu dunia imeyeyusha na kusaga upya miamba yake yote ya mwanzo kabisa.

Ili uwiano wa mafungu haya uonekane, mtu na atembee kuelekea baharini, akihesabu kila hatua moja kuwa ni miaka milioni moja. Kwa umri unaokubaliwa leo atahitaji hatua kama 4,540, mwendo unaomalizika kabla ya saa moja. Hatua zaidi ya 500 za kwanza ni za Hadea, dahari ambayo haikutuachia karibu chochote ila punje za zirkoni, zilizo kongwe zaidi zikiwa zimepatikana Australia na kupimwa kuwa na takriban miaka bilioni 4.4. Katika hatua 1,500 zinazofuata, za Akea, uhai upo, lakini ni wa bakteria tu. Kazi yao iliyobaki ni vichuguu vya mawe vyenye tabaka jembamba juu ya tabaka, ambavyo baadhi ya vinavyokubaliwa na wataalamu wengi vina miaka karibu bilioni 3.5. Kisha huja Proterozoiki, hatua karibu 2,000, na mwanzoni mwake, takriban miaka bilioni 2.4 iliyopita, oksijeni iliyokuwa ikitolewa na bakteria hao ikaanza kubaki hewani. Kila kiumbe kinachovuta pumzi leo kinaishi kwa mabaki ya kazi yao. Baadaye, katika dahari hiyo hiyo, zilitokea seli zenye kiini, na mwishoni kabisa viumbe laini wasio na mifupa wala magamba. Mtembeaji wetu ameshapita takriban asilimia 88 ya njia, na hajakutana na samaki, mdudu wala jani.

Kwa nini basi sehemu hiyo kubwa imepewa dahari tatu nzito zenye migawanyo michache, huku asilimia 12 ya mwisho ikikatwakatwa vipande vidogo vidogo? Kwa sababu mwili laini huoza. Ambapo hakuna gamba, hakuna mfupa na hakuna jino, msomaji wa miamba hana herufi za kusoma, kwa hiyo mpaka kati ya Akea na Proterozoiki uliwekwa kwa makubaliano tu, katika tarakimu nzima ya miaka bilioni 2.5. Ni mojawapo ya mahali pachache ambapo kalenda hii inafanana na kalenda ya ukutani.

Kusini mwetu, hata hivyo, uhai laini wa kabla ya Kambri umeacha alama ambayo watu wanaichimba. Katika Ruangwa na maeneo jirani kuna madini ya kinywe, yale magamba meusi ya kaboni yanayoteleza kidoleni na yanayotafutwa sasa kwa ajili ya betri. Kwa kadiri wanajiolojia wengi wanavyoeleza, kaboni ya namna hii katika Ukanda wa Msumbiji ilianza kama mabaki ya viumbe wadogo waliofunikwa na tope chini ya bahari. Kisha mabara yakagongana. Kati ya miaka milioni 650 na 550 hivi iliyopita, vipande vilivyokuja kuunda bara kuu la Gondwana vilisukumana mahali tulipo, pakainuka safu ya milima inayofananishwa na Himalaya, na tope lile likapikwa kwa joto na mgandamizo wa kina kirefu mpaka viumbe wakawa kinywe na matope yakawa naisi, mwamba wenye mistari myeupe na myeusi. Mistari hiyo inaonekana vizuri kwenye kuta za milima ya Masasi baada ya mvua, jiwe likiwa bado limelowa. Tunachokiita milima pale ni mizizi ya safu hiyo: kilele kililiwa na mvua na mito zamani sana, na yaliyosimama leo ni mawe magumu yaliyokataa kulika wakati mawe yaliyoyazunguka yakiondoka.

Kati ya Masasi na Ndanda kuna jambo ambalo macho hayalioni. Mtu akitoka kwenye naisi ya Masasi na kuukabili ukuta wa uwanda wa Makonde, ambao umejengwa kwa mwamba wa mchanga wa Kretasia, huwa ameruka miaka zaidi ya milioni 400 kwa mwendo mfupi wa basi. Hakuna tabaka la Kambri hapo, wala la Ordovisi, Siluri, Devoni au Kaboni, vipindi vitano vya kwanza vya Paleozoiki. Ama hayakutandikwa, kwa kuwa eneo lilikuwa nchi kavu inayomomonyoka, ama yalitandikwa yakafutwa. Kitabu cha miamba hakikamiliki mahali popote duniani. Kila nchi ina kurasa zake, na kalenda nzima imeunganishwa kwa kuazimana.

Kurasa za Paleozoiki tunazoziazima kwa wengine zina mambo mengi, ambayo hapa tutayapita upesi. Zama hizo zilianza miaka milioni 538.8 iliyopita na kipindi cha Kambri, pale viumbe wenye magamba na miguu yenye viungo walipojaa baharini ndani ya muda uliokuwa mfupi kwa kipimo cha jiolojia. Mimea ilianza kupanda nchi kavu katika Ordovisi. Samaki wakatawala Devoni, na mwishoni mwa Devoni baadhi yao walikuwa na viungo vinavyoelekea kuwa miguu. Kaboni kikawa kipindi cha misitu ya mabwawa iliyozaa makaa ya mawe ya Ulaya na Marekani. Hapa pana kosa ambalo hurudiwa mara nyingi darasani: makaa yetu si ya kipindi hicho. Makaa ya Ngaka, yale yanayomwagika kando ya barabara ya Mtwara, pamoja na ya Mchuchuma, ni ya Permi, kipindi kilichofuata, na yalitokana na misitu ya Gondwana iliyoota katika hali ya ubaridi. Mmea maarufu wa misitu hiyo una majani yenye umbo la ulimi, na majani hayo huonekana yamejichapa kwenye mawe ya matope yanayofuatana na makaa ya kipindi hicho. Jani lile lile limepatikana Afrika, India, Amerika Kusini, Australia na hata Antaktika, na hiyo ni mojawapo ya hoja za zamani kwamba mabara hayo yalikuwa nchi moja.

Paleozoiki iliisha vibaya kuliko zama zozote. Miaka milioni 252 iliyopita, volkano kubwa za Siberia zilimwaga lava na gesi kwa muda mrefu, bahari ikapata joto na kukosa oksijeni, na sehemu kubwa mno ya spishi za baharini, inayokadiriwa kupita asilimia 80, ikatoweka. Mpaka kati ya Permi na Triasi, kipindi cha kwanza cha Mesozoiki, ndiyo kaburi hilo. Miamba ya pande zote mbili za mpaka huo inapatikana katika bonde la Ruhuhu, magharibi yetu, na ni huko katika miaka ya 1930 yalikookotwa mabaki ya kiumbe wa Triasi ambaye mwaka 2013 alipewa jina la Nyasasaurus. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 243 hivi, na huenda yeye ndiye dinosaria mkongwe kuliko wote wanaojulikana, au ndugu wa karibu sana wa dinosaria wa kwanza.

Kisha Gondwana ikaanza kupasuka. Bahari iliingia kwanza kwa kusitasita, ikikauka na kurudi, na ushahidi wake ni chumvi nene iliyokutwa na visima vilivyochimbwa Mandawa, pamoja na jasi inayochimbwa Kilwa. Katika Jurasi Bukini, yaani Madagaska, ikajitenga na pwani yetu, na bahari ikawa ya kudumu. Kwenye ukingo wa bahari hiyo ndipo waliposimama wanyama wa Tendaguru.

Kilima cha Tendaguru kiko bara ya mji wa Lindi, katika nchi ya Wamwera. Historia iliyoandikwa inaanza mwaka 1906, pale mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alipoona mfupa mkubwa uliojitokeza ardhini kando ya njia. Kati ya 1909 na 1913 jumba la makumbusho la Berlin lilichimba hapo chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na kazi yenyewe ya kuchimbua, kusafisha na kufunga ikafanywa na mamia ya Waafrika wakiongozwa na Boheti bin Amrani. Mifupa ilifunikwa kwa udongo, ikafungwa kwa mianzi iliyopasuliwa, ikabebwa kichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 ziliondoka kwa njia hiyo, na baadhi ya vifurushi vya mianzi vilikaa Berlin miongo mingi bila kufunguliwa. Ndiyo asili ya yule ambaye Watanzania humwita mjusi wa Tendaguru, aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi kichwani, na ambaye hoja ya kurudishwa kwake imefika bungeni zaidi ya mara moja. Jina lake la kisayansi leo ni Giraffatitan. Wenzake wawili wana majina yaliyo karibu nasi zaidi: Australodocus bohetii, aliyeitwa mwaka 2007 kwa heshima ya Boheti, na Wamweracaudia keranjei, aliyepewa jina mwaka 2019 kutokana na Wamwera wenyewe na kutokana na Mohammadi Keranje, aliyesimamia uchimbaji wa mifupa yake.

Kwa msomaji wa kalenda, hata hivyo, mjusi huyo si ndiye mwenye thamani kubwa zaidi pale. Mifupa ya dinosaria haisemi tarehe kwa urahisi, kwa sababu wanyama wakubwa ni wachache, na wa Lindi hawafanani kikamilifu na wa Marekani au China. Kinachosema tarehe ni kombe. Tendaguru matabaka yamepokezana: tabaka lenye mifupa, juu yake mchanga wa bahari wenye konokono au kombe nene zenye matuta ziitwazo Trigonia, kisha mifupa tena, kisha mchanga wa bahari tena, mara tatu. Pwani ilisogea mbele na nyuma, na kila bahari iliporudi ilileta kombe, jamaa wa ngisi wenye magamba ya mviringo, na vijidudu vya baharini ambavyo wenzao wanapatikana katika miamba ya Ulaya na India iliyokwisha kupangwa. Kwa kuwafuata hao ndipo inapowezekana kusema kwamba matabaka makuu ya mifupa ni ya mwisho wa Jurasi, takriban miaka milioni 150 iliyopita, na kwamba tabaka la juu kabisa la kombe limekwisha kuingia Kretasia. Katikati ya mifupa mikubwa ulipatikana pia utaya wa chini wa mnyama mdogo anyonyeshaye, wenye ukubwa wa kushikika kwa ncha za vidole, tena usio na meno. Wahenga wa kundi letu walikuwepo, ila walipita chini ya miguu.

Tendaguru, basi, inaubeba ndani yake mpaka wa Jurasi na Kretasia, na mpaka huo ndio wenye utata kuliko yote ya daraja lake. Tangu mwaka 1972 wanajiolojia wa dunia, leo kupitia Tume ya Kimataifa ya Stratigrafia, yaani elimu ya matabaka, wamekuwa wakiweka rasmi mahali pamoja duniani ambapo mwanzo wa kila kipindi unaonekana vizuri kwenye mwamba, na mahali hapo huitwa msumari wa dhahabu. Mwanzo wa Kambri umewekwa pwani ya Newfoundland nchini Kanada, kwenye alama za kiumbe aliyetoboa tope. Mwanzo wa Paleojini, kipindi cha kwanza cha Senozoiki, umewekwa El Kef nchini Tunisia. Kati ya vipindi vyote vya Fanerozoiki, Kretasia ndicho pekee ambacho hakijapata msumari. Hakuna maangamizi makubwa yaliyotokea wakati huo, viumbe walibadilika kidogo kidogo na kwa namna tofauti katika kila bahari, na kwa hiyo wataalamu hawajakubaliana ni mabadiliko ya nani yafuatwe. Vitabu vingi huandika miaka milioni 145, na hesabu za karibuni zinasogea kwenye 143. Kalenda inayotegemea vifo hupata shida pale ambapo hakuna aliyekufa ghafla.

Katika Kretasia mito ilitandika mchanga ulioujenga uwanda wa Makonde, na anayesimama Newala kwenye ukingo wa Shimo la Mungu anaitazama kingo ya mchanga huo ikikatika kuelekea Ruvuma. Mwamba wake unapitisha maji kama chujio, ndiyo maana maji ni ya taabu juu na chemchemi ni za uhakika chini, Ndanda ikiwa mfano unaojulikana. Gesi ya Songo Songo nayo imehifadhiwa katika mawe ya mchanga ya kipindi hicho. Na ni katika Kretasia ambapo mimea yenye maua ilienea. Mjusi wa Tendaguru aliishi bila kivuli cha mti wowote wa jamii ya mkorosho au mwembe. Kipindi kikaisha miaka milioni 66 iliyopita kwa kimondo kilichopiga mahali panapoitwa Chicxulub huko Meksiko, na hapo mpaka ni mstari mwembamba wa udongo wenye iridi, metali adimu ardhini lakini ya kawaida katika vimondo.

Baada ya mstari huo huja Senozoiki, na hapa pwani ya Kilwa na Lindi ina hazina ambayo haipigwi picha. Ni udongo wa mfinyanzi wa kijivu uliotuama baharini katika Paleojini, mzito na usiopitisha maji, kiasi kwamba vijumba vidogo vya foraminifera, viumbe wa seli moja wanaoonekana kwa hadubini, vimebaki humo viking'aa kama kioo, ilhali mahali pengi duniani vimegeuka ungaunga. Watafiti wa Tanzania na Uingereza walichimba visima vyembamba huko katika miaka ya 2000 na kutoa nguzo za udongo. Mpaka kati ya enzi za Eosini na Oligosini, miaka milioni 33.9 iliyopita, umewekewa msumari wake Massignano nchini Italia, pale ambapo jamii ya foraminifera wenye miiba iitwayo Hantkenina inatoweka. Katika udongo wa Kilwa kutoweka huko huko kunasomeka sentimita kwa sentimita, pamoja na kemia inayoonyesha hewa ukaa ikipungua wakati Antaktika inashikwa na barafu. Mchanga uliofuata, wa Oligosini na Miosini, ndio unaohifadhi gesi ya Mnazi Bay.

Kilwa hiyo hiyo ilitoa pia onyo kwa wasomaji wa kalenda. Mwaka 2003 wavuvi walimnasa karibu na Songo Mnara samaki mkubwa mwenye mapezi manene kama miguu, wa kwanza wa aina yake kuripotiwa Tanzania. Ni silikanti, wa ukoo uliojitokeza katika Devoni na ambao visukuku vyake vinakoma mwishoni mwa Kretasia. Hadi alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, sayansi iliamini ukoo mzima ulikufa pamoja na dinosaria. Kutoonekana mwambani si ushahidi kamili wa kutoweka, na ndiyo sababu mpaka haujengwi juu ya kiumbe mmoja adimu aliyekaa kilindini, bali juu ya wale waliokuwa wengi, walioenea, na waliobadilika upesi.

Imebaki hatua ya mwisho ya mtembeaji, ambayo haijakamilika. Binadamu wa aina yetu, mwenye miaka takriban 300,000, ana karibu theluthi moja ya hatua hiyo. Mapendekezo ya kumkatia enzi yake, iitwayo Anthroposini, yalikataliwa kwa kura mwaka 2024, na kwa hiyo kalenda rasmi ingali inasoma Holosini. Matumbawe yaliyojengewa pwani yetu ni ya kabla ya hapo: sehemu kubwa ya miamba ya ufukweni ni ya Pleistosini, enzi iliyoitangulia Holosini, nayo iliota wakati bahari ilipokuwa juu kidogo kuliko leo, na mojawapo ya nyakati hizo ni miaka kama 125,000 iliyopita. Kwenye ukuta wa kale wa Mikindani, pale lipu ilipobanduka, jiwe linaonyesha vitundu vilivyopangwa kama sega la nyuki, na kila kitundu kilikuwa makao ya mdudu mmoja wa tumbawe. Mawe hayo yameshikizwa kwa chokaa iliyotokana na matumbawe yaliyochomwa. Moto uliifukuza hewa ukaa kutoka kwenye jiwe. Waashi wakaichanganya chokaa na maji na mchanga. Na katika kukauka kwake ukutani chokaa ikaivuta tena hewa ukaa kutoka angani na kuwa jiwe upya. Katika upana wa kiganja kimoja cha ukuta huo kuna mawe ya chokaa ya enzi mbili, moja la Pleistosini na jingine la Holosini, na hili la pili lina umri ule ule wa nyumba.